Pointi 84,000 kwa Kishikwambi cha Shilingi 320,000

Mwezi Machi wa mwaka juzi, kijana wa boda boda aliniletea ofisini kwetu Nakawa, Kampala, boksi dogo jeupe lililofungwa kwa karatasi yenye nembo ya benki yangu, na ndani yake mlikuwamo kishikwambi cha inchi nane ambacho sikukitolea hata shilingi moja. Wenzangu walikusanyika kukitazama. Mmoja aliuliza ni benki gani hiyo inayogawa vishikwambi, na mwingine akajibu kwa niaba yangu kwamba watu wa hesabu hawakosi njia. Nilifurahi, sikatai. Lakini jioni ile, nilipokuwa nimekwama kwenye msongamano wa Jinja Road na gari halisogei, nilijiuliza swali ambalo mhasibu wa miaka kumi na tisa alipaswa kujiuliza kabla ya kubonyeza kitufe cha kuagiza: kitu hiki kinauzwa bei gani dukani, na mimi nimekilipia pointi ngapi?

Nieleze kwanza pointi hizo zilivyopatikana, kwa sababu hapa Uganda wenye kadi ya mkopo si wengi. Wengi wetu tuna kadi ya kawaida inayokata pesa moja kwa moja kwenye akaunti, na malipo ya kila siku tunayafanya kwa pesa taslimu au kwa simu, kupitia MTN au Airtel. Kadi ya mkopo ni kitu kingine: benki inamlipa mwenye duka kwa niaba yako, kisha mwisho wa mwezi inakuletea taarifa ya deni, nawe ukilimaliza deni lote kabla ya tarehe iliyoandikwa hutozwi riba. Kadi yangu hutoa pointi moja kwa kila shilingi 1,000 ninazozitumia. Mimi huipitisha kwa petroli, kwa manunuzi ya supamaketi, kwa intaneti ya nyumbani, kwa bima ya gari na kwa dawa za mama yangu aliyeko Bombo, na jumla yake kwa mwezi huwa kama shilingi milioni 3.5. Ada za shule hazimo, kwa kuwa shule ya wanangu haipokei kadi, na jambo hilo huniuma kila muhula unapoanza.

Kwa hiyo pointi 84,000 nilizozitoa zilinichukua takriban miaka miwili, na nyuma yake kulikuwa na matumizi ya shilingi milioni 84. Jumamosi iliyofuata nilishuka mjini hadi William Street, kwenye maduka ya simu, nikiwa na boksi tupu mkononi ili muuzaji asije akanitajia bei ya toleo jingine. Aliligeuza, akasoma namba iliyo chini, akasema, "Nyabo, hii nakupa kwa 350,000." Tulivutana kidogo, akashuka hadi 320,000, na naamini angeshuka zaidi kama angeona kwamba kweli nimekuja kununua. Gawanya 320,000 kwa 84,000, utaona kwamba kila pointi yangu ilikuwa imenunua bidhaa ya shilingi 3.8. Hapo ndipo nilipofungua tena programu ya benki na kusoma ukurasa ambao sikuwa nimeusoma, pengine kwa sababu haukuwa na picha hata moja. Ukurasa huo ulieleza kwamba pointi zile zile zingeweza kutumika kupunguza deni la kadi, kwa kiwango cha shilingi 5 kwa kila pointi. Pointi 84,000 zingenifutia deni la shilingi 420,000. Yaani ningepunguziwa deni, nikaenda William Street na pesa zangu, nikanunua kishikwambi kile kile, na nikarudi nyumbani na shilingi 100,000 kwenye mkoba.

Shilingi 100,000 si pesa ya kumkosesha mtu usingizi. Kilichonikera ni kwamba kazi yangu ni kupiga hesabu za kampuni inayotoa mizigo ya watu forodhani, ambako kosa la asilimia mbili humfanya mteja apige simu usiku, na bado hesabu hii ya mistari miwili ilinipita. Nimejiuliza kwa nini, na jibu nililolipata ni kwamba katalogi ya zawadi ya benki haikuandika shilingi mahali popote. Iliandika pointi tu. Mtu aliyezoea bei ya mkate, ya lita ya petroli na ya kilo ya sukari anajua shilingi 320,000 ni kiasi gani; pointi 84,000 hazimwambii chochote, isipokuwa kwamba yeye anazo 86,000 na kwa hiyo zinatosha. Isitoshe, neno lililotumika kila ukurasa lilikuwa "zawadi", na zawadi haiulizwi bei. Ni nani katika malezi yetu aliyefundishwa kumwuliza mgeni aliyekuja na kikapu kwamba vilivyomo alivinunua kwa kiasi gani?

Kuna sababu nyingine iliyo ya kawaida zaidi. Benki haina ghala la vishikwambi. Masharti ya kadi yangu, niliyoyasoma kwa kuchelewa, yanasema kwamba bidhaa za katalogi huletwa na kampuni nyingine iliyopewa kazi hiyo, na kampuni hiyo nayo ina faida yake, gharama zake za kusafirisha hadi mlangoni na hofu yake ya kubaki na mali isiyotoka. Vifaa vya kielektroniki vina tabia ya kushuka bei kila toleo jipya linapoingia sokoni. Muuzaji wa William Street hulijua hilo siku hiyo hiyo na kubadilisha bei yake kabla ya chakula cha mchana, ilhali katalogi yangu ilibaki na idadi ile ile ya pointi kwa muda wote niliokuwa nikiitazama. Simu, spika na vishikwambi ndivyo vinavyopendeza zaidi kwenye picha, na ndivyo vinavyozeeka haraka zaidi ndani ya katalogi.

Upande wa pili wa jambo hili sisi wahasibu tunaufahamu kwa jina lake la vitabuni. Tangu tarehe 1 Januari 2018, kanuni ya kimataifa iitwayo IFRS 15 ndiyo inayoongoza namna kampuni zinavyoandika mapato yatokayo kwa wateja, na kabla yake kulikuwa na mwongozo wa IFRIC 13, uliotolewa mwaka 2007 mahususi kwa mipango ya pointi za wateja. Wazo lake ni kwamba pointi ni ahadi, na sehemu ya mapato inayolingana na ahadi hiyo huwekwa kando kama deni hadi mteja azitumie pointi zake au muda wake uishe. Kanuni inaruhusu pia kampuni ikadirie, kwa kutazama mwenendo wa wateja wa nyuma, ni kiasi gani cha pointi hakitadaiwa kamwe. Kwa hiyo yule anayeziacha pointi zake hadi zikafa hajaishangaza benki. Alikwisha kutiwa katika makadirio tangu mwanzo. Za kwangu hufa baada ya miezi thelathini na sita, na ninakiri kwamba kishikwambi changu, pamoja na hasara yake yote, kilikuwa na maana kuliko pointi zilizooza.

Na pesa za kugharimia ahadi hiyo hutoka wapi? Sehemu kubwa hutoka kwenye makato anayokatwa mwenye duka kila kadi inapopitishwa kwenye mashine yake, ambayo sehemu yake huiendea benki iliyotoa kadi. Pale sehemu hiyo inapobanwa, pointi nazo hukonda. Australia ilianza kuibana mwaka 2003 na wenye kadi huko wakaona pointi zao zikipungua. Umoja wa Ulaya uliiwekea kikomo cha asilimia 0.3 ya malipo kwa kadi za mkopo mwaka 2015. Marekani haijaweka kikomo cha namna hiyo kwa kadi za mkopo, na ndiyo maana mtu wa kule anaweza kuzungumza juu ya kurudishiwa asilimia mbili ya matumizi yake kama jambo la kawaida, wakati mimi hapa, kwa shilingi 5 katika kila shilingi 1,000, narudishiwa nusu ya asilimia moja. Nusu hiyo inafaa kukumbukwa. Duka moja la vifaa vya umeme mjini liliwahi kutaka kuniongezea asilimia 3 kwa kuwa nalipa kwa kadi, na kwa sekunde chache, nawaambia ukweli, nilishawishika, kwa sababu nilikuwa naziona pointi. Nilitoka nje nikatafuta ATM.

Nimetaja Marekani kwa sababu shemeji yangu anaishi Waltham, Massachusetts, mji ambao Waganda wamejaa hadi mtu unaweza kusahau kwamba uko ugenini. Yeye ni mpenzi wa pointi kuliko mimi, naye amekuwa akizitumia moja kwa moja kulipia vifaa Amazon, kwa kuwa ni rahisi: unabonyeza, bei inapungua. Tulipopiga hesabu pamoja kwa simu, yaliyojitokeza yalikuwa yale yale ya William Street, isipokuwa kwa dola. Kwa kadi za benki ya Chase zenye mpango wa pointi uitwao Ultimate Rewards, pointi moja imekuwa ikitoa senti moja mtu akiibadilisha kuwa pesa, lakini ikitumika kulipia Amazon hutoa senti 0.8, na kwa American Express kiwango cha Amazon kimekuwa senti 0.7. Mwenye pointi 30,000 za Chase anaweza kuchukua dola 300 na kwenda nazo dukani, au akalipia nazo kifaa cha dola 240 katika duka lile lile. Shemeji alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, mbona hukuniambia mapema?" Nilimjibu kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimejifunza mwezi uliopita.

Yeye ndiye pia aliyependekeza kwamba atumie pointi zake kutununulia runinga kule, aitie kwenye kontena la jamaa wanaosafirisha mizigo, ije hadi Kampala. Nilimshukuru na kukataa, na sababu zangu hazikuwa za adabu. Runinga nyingi zinazouzwa Marekani hupokea matangazo ya angani kwa mfumo wa ATSC, wakati sisi hapa tunatumia DVB-T2 tangu matangazo ya analojia yalipozimwa Kampala mwaka 2015. Umeme wa kule ni volti 120, wetu ni 240, na ingawa vifaa vingi vya siku hizi hukubali vyote viwili, vingine havikubali, na hutoa jibu lake kwa moshi. Kisha kuna forodha, ambayo ndiyo inayolipa mshahara wangu: runinga inayothaminiwa shilingi 1,000,000 pamoja na usafiri na bima hutozwa ushuru wa asilimia 25, yaani 250,000, halafu VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo, yaani 225,000 nyingine, kabla hujafika kwenye tozo ndogo ndogo. Simu zina mtego wake pia. iPhone zinazouzwa Marekani kuanzia toleo la 14 la mwaka 2022 hazina tundu la kutilia laini, na simu iliyofungwa kwa kampuni ya kule haitaijua laini yako ya hapa hadi ifunguliwe.

Turudi kwa kishikwambi. Mwezi wa tano betri yake ilivimba, kioo kikaanza kuinuka upande mmoja kama kifuniko cha sufuria. Niliwaandikia benki, wakanielekeza kwa kampuni iliyokileta. Kampuni iliyokileta ikaomba risiti. Sikuwa na risiti, kwa kuwa sikununua. Risiti, kama ilikuwepo, ilikuwa kwa jina la benki. Nikarudi benki, ambako afisa mmoja mpole sana alinieleza kwamba kile kilikuwa zawadi, na kwamba kwa zawadi benki haiwajibiki. Uganda tunayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, inayodai bidhaa inayouzwa iwe na ubora unaofaa, na nilitamani sana kubishana naye kama mtu aliyetumia shilingi milioni 84 ili apate pointi hizo amepewa au ameuziwa. Sikubishana. Nilimpelekea fundi wa Wandegeya, akaweka betri mpya kwa shilingi 60,000, na nilipoziongeza kwenye hesabu yangu ya zamani sikuipenda zaidi. Chaja iliyokuja nayo ilikuwa ya pini mbili za mviringo, lakini hilo ni dogo; adapta zipo kila kona.

Kuna hesabu mbili nyingine ambazo katalogi haitakuonyesha. Kadi yangu ina ada ya mwaka ya shilingi 100,000. Kwa shilingi 5 kwa pointi, hizo ni pointi 20,000, yaani karibu miezi sita ya kuipitisha kadi kila mahali ili tu nirudi nilipoanzia. Hilo nalikubali, kwa kuwa kadi ina faida nyingine kwangu, hasa ninapolipia vitu nje ya nchi. Riba ndiyo siikubali. Desemba moja, baada ya msiba Bombo na safari mbili ambazo hazikuwa kwenye mpango, nilishindwa kulipa deni lote na nikaacha shilingi 1,800,000 zivuke mwezi. Kadi yangu hutoza asilimia 3 kwa mwezi. Nilitozwa 54,000, ambazo ni thamani ya pointi 10,800, na pointi hizo hunichukua zaidi ya miezi mitatu kuzikusanya. Mwezi mmoja wa kuchelewa ulikula robo ya mwaka. Anayebeba deni kutoka mwezi hadi mwezi huku akisubiri kishikwambi cha bure, kwa maoni yangu, amekwisha kukilipia, na pengine mara mbili.

Isidhaniwe kwamba baada ya hayo nimeapa kutogusa vifaa. Agosti ya mwaka jana katalogi ilileta njia ya kuchanganya: runinga ya inchi 32 kwa pointi 60,000 pamoja na shilingi 300,000. Safari hii sikubonyeza. Nilinakili namba kamili ya toleo, herufi zote za mwisho zikiwamo, kwa sababu herufi moja inaweza kutenganisha runinga yenye kipokezi cha DVB-T2 na ile isiyokuwa nacho, au ya mwaka huu na ya miaka mitatu iliyopita. Nilienda nayo maduka matatu. Bei ya chini kabisa niliyoipata, taslimu na baada ya kuvutana, ilikuwa 620,000. Nilipotoa zile 300,000 nilizotakiwa kuongeza zilibaki 320,000, na hizo nikizigawa kwa pointi 60,000 napata shilingi 5.3 kwa pointi, ambayo inazidi kidogo shilingi 5 za kupunguza deni. Tofauti ni shilingi 20,000 tu kwa ujumla, lakini runinga ingefika nyumbani bila mimi kulipa gari la kuibeba, na ya zamani ilikuwa imeanza kuonyesha watu wote kwa rangi ya kijani.

Kabla ya kukubali niliwaandikia benki maswali mawili tu: waranti itakuwa kwa jina la nani, na kama nitapewa nakala ya risiti siku ya kupokea. Walichukua siku nne kujibu, wakasema ndiyo kwa yote mawili, nami nikayahifadhi majibu yale. Runinga ilipofika nilimwomba kijana aliyeileta asubiri. Tuliifungua sebuleni, tukaiwasha, nikalinganisha namba ya nyuma na ile iliyo kwenye karatasi, baba watoto akiwa amesimama mlangoni akicheka kwamba nimeihamishia forodha nyumbani. Ingekuwa simu ningebonyeza pia *#06# ili nione kama namba ya IMEI, ile inayoitambulisha simu, inafanana na ile ya kwenye boksi. Kijana alitia saini, nami nikatia saini.

Kishikwambi bado kipo, na betri yake ya Wandegeya inaendelea vizuri. Binti yangu anakitumia kwa mazoezi ya hesabu, ingawa nikiingia chumbani ghafla hesabu huwa na muziki. Pointi zangu leo ni 29,500. Wiki hii katalogi imenitumia picha ya spika ndogo ya bluetooth, nyekundu, inayoelea kwenye maji ya bluu kana kwamba kila mmoja wetu ana bwawa la kuogelea, kwa pointi 28,000. Nimempelekea yule muuzaji wa William Street namba ya toleo kwa WhatsApp. Amejibu kwamba ni 95,000, na kwamba tukionana tutaelewana.